Alienda Kitwe juu ya muziki: tumufukuze?



Ni majuma mawili sasa hapa masomo hakuna habari ingine. Kwenye bomba ya maji, kwenye refektwari, hata nyuma ya kanisa kisha maombi, ni ile moja tu: mwenzetu wa darasa la tano aliyeenda Zambia kusikiliza konseri. Sitaandika jina lake, wote munamujua. Juma ijayo konsei ya disipline itakaa. Mbele ikae, mimi kapita wenu naomba nafasi kidogo katika gazeti yetu, kwa sababu ninaona tunakamata hii jambo kwa mukia na kuacha kichwa.

Kwanza tuseme namna ilipita. Mwenzetu alisikia kwamba muimbaji anayemupenda, mutu wa Kinshasa, atapiga Kitwe siku ya posho. Yeye njo alikuwa mulinzi wa kese ya koro. Ndani mulikuwa 85 000 franka, feza ya kununua nyuzi za gita zetu mbili na kutengeneza mikro. Siku ya tano kisha masomo akakamata ile feza, akapanda gari mpaka Lubumbashi, kilometa 120 hivi, akaendelea Kasumbalesa, akavuka mupaka, akapita Chililabombwe na Chingola mpaka Kitwe. Kule akakuta bei ya mulango, kwa kwacha, inapita yote aliyobakia nayo. Akasimama inje ya ukuta. Nyimbo tatu alisikia muzuri, zingine upepo ulizipeleka upande mwingine. Akalala kwenye kituo cha mabasi. Siku ya kwanza mangaribi alifika hapa, viatu vumbi tupu, mufuko bule.

Nilimuuliza: « Sasa ulipata nini? » Akanijibu: « Yaya, nilisikia sauti yake. Haikukuwa mu telefone. Ilikuwa yeye mwenyewe. »

Sikumucheka. Lakini tangu siku ile enterna imegawanyika. Kuna wanaosema: « Ule anaabudu sanamu, masomo ya Mungu haiwezi kulinda mutu sawa ule, afukuzwe. » Na kuna wanaosema: « Ule njo mwanaume! Sisi wote tunaogopa, yeye alienda. » Mimi naona makundi yote mbili yamekosa.

Nianze na wale wa kwanza. Kupenda sauti ya mutu si kuabudu. Katika Biblia mufalme Sauli alimutafuta Daudi juu ya kinubi chake, na hakuna mahali tunapoona analaumiwa kwa ile. Na tusijidanganye: tarehe 25 Novemba 2023, wakati Fally Ipupa alipiga katika Paris La Défense Arena, ukumbi unaoweza kuingiza watu karibu 40 000, hapa kwetu tulikuwa watu kumi na wawili tumezunguka telefone moja, tunatafuta vipande vya video mpaka batri ikakufa. Kati ya wale kumi na wawili mulikuwa wawili wanaopiga kelele leo kwamba muziki ni sanamu. Kama ni zambi, basi tulikuwa wengi ndani yake, tofauti ni kwamba sisi hatukukuwa na nguvu ya kutembea.

Sasa wale wa pili, wanaomuita shujaa. Ninyi munaona njia tu, hamuoni mashimo. Mapenzi ya muziki yanaweza kuwaka vibaya. Tarehe 28 Februari 2020, muimbaji huyo huyo alipopiga Bercy kule Paris, Wakongo wa Ulaya wanaosema kwamba wanamuziki wetu wanasimama na wakubwa wa siasa walikuja kuzuia. Pale karibu na Gare de Lyon pikipiki zikachomwa, moshi ukapanda juu ya muji, na konseri ikafanyika vilevile ndani. Mutu alitoka kwake kusikiliza wimbo, akajikuta katikati ya moto. Na tukumbuke Papa Wemba. Mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa, na mwaka 2004 tribunali ya Bobigny ikamuhukumu kwa kuingiza watu Ulaya bila haki, watu walioandikwa kama wanamuziki wa orkestre yake. Hata mutu mukubwa namna ile, tunayemulilia mpaka leo tangu alipokufa Abidjan mwaka 2016, alipitisha vitu vingine kwenye mulango wa muziki. Basi mutoto wa miaka kumi na saba analala inje, inchi ya wengine, peke yake, bila feza ya kurudia: ile si ushujaa. Kama kungekuwa jambo, nani angemuambia mama yake?

Lakini kuna safari ingine ya mupenzi wa muziki ninayotaka muijue, na hiyo ilikuja kwetu.

Hapa Likasi, wakati muji ungali unaitwa Jadotville, kulikuwa kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Alikuwa anapiga gita ya kawaida kwa vidole viwili tu, lakini ukisikia unazani ni watu wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita hapa na mashini yake ya kukamata sauti, akamukamata. Wimbo wake « Masanga » ukatembea kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 1969 alipiga kule Marekani, kwenye fete ya Newport. Na mwaka 1979 muzungu mumoja, John Low, alikuja mpaka huku, wakati jimbo letu liliitwa Shaba, kuwatafuta wazee wa gita: Mwenda, na Losta Abelo, na Edouard Masengo. Hakuja kupiga kelele mbele ya jukwaa. Alikaa chini, akaangalia vidole, akajifunza, na mwaka 1982 akatoa kitabu juu ya safari ile. Mwenda alikufa mwaka 1990 kwa aksida ya gari kule Zambia, kwenye inchi ileile mwenzetu alienda.

Juma iliyopita niliuliza darasa langu lote, darasa la sita: nani anajua Mwenda? Mikono mitatu. Niliuliza: nani anajua jina la bibi wa yule muimbaji wa Kinshasa? Mikono yote, na wangu ndani. Mutu alivuka bahari kuja kusikiliza muji wetu, na sisi tunaokaa Panda hatujui anayemutafuta ni nani. Hii inanipatisha haya kuliko safari ya Kitwe.

Kwa hiyo tofauti si kwamba mumoja alipenda na mwingine hakupenda. Wote wawili walipenda. Tofauti ni hii: ni nani aliyelipa ile safari? Mwenzetu alilipisha koro. Wale watoto wa darasa la kwanza waliotoa franka 500, franka 1 000, kila siku ya yenga, njo walimulipia gari. Pale njo kuna kosa. Ni wizi, na ninaandika neno lenyewe sababu tumelificha nyuma ya kelele ya sanamu na ushujaa.

Na sasa niseme langu, hata kama ni aibu. Siku ya ine mangaribi alikuja kitandani kwangu, akaniambia: « Yaya, kesho naenda Kitwe. » Nilizani anafanya muchezo. Nilimujibu: « Basi unikamatie wimbo mumoja na telefone. » Nikageuka, nikalala. Mimi, kapita, ninayefunga mulango na kuhesabu vichwa. Siku ya tano usiku niliona kitanda kiko wazi, nikaandika katika kaye kwamba wote wako. Bwana Prefe anajua, nilimuambia mwenyewe siku ya kwanza asubui, mbele mwenzetu arudi. Kama konsei inatafuta mwenye kosa, ikute wawili.

Mawazo yangu ni haya. Asifukuzwe. Anabakia na mwaka mumoja tu mbele ya Egzame d'État, na kumufukuza hakurudishe hata uzi mumoja wa gita. Arudishe feza yote. Baba ya rafiki yetu mumoja anamukubali kwenye kiwanda chake cha kuchomelea, siku ya posho kila juma, mpaka deni iishe. Mimi nitalipa 20 000 kati ya zile 85 000, sababu nilijua na nilinyamaza. Asimame mbele ya koro aombe musamaha kwa kinywa chake, hasa kwa wale wadogo. Na kese ya koro isilindwe tena na mutu mumoja: iwe na funguo mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Kumupa mutoto mumoja feza ya wote na kumuacha peke yake nayo, ile pia ilikuwa kosa yetu.

Tena naomba walimu kitu kimoja. Siku ya posho mangaribi, saa moja tu, tusikilize muziki pamoja katika refektwari, mupya na ya zamani, Mwenda ndani. Kule Kikula na hapa Panda wazee wanaokumbuka ule wakati wangali wako. Tuwaite wakae nasi mbele hawajaondoka. Mutu mwenye kusikiliza pamoja na wengine hatafute kusikiliza kwa kujificha.

Jumapili hii koro itaimba. Gita moja iko na nyuzi ine, ingine iko na tano. Anayepiga ile ya ine ni mwenzetu mwenyewe, sababu hakuna mwingine anayejua. Mukimusikia, musimuzomee. Sikilizeni.

Kapita wenu, darasa la sita