Dada Yangu Si Zambarau

KUTOKA KIBARAZANI
Na Bi Kibarazani

Wiki hii nimeletewa picha ya dada yangu akiwa zambarau. Sisemi gauni. Gauni lilikuwa damu ya mzee, tena damu ya mzee iliyopiganiwa, maana kamati ya sare ilikaa vikao hadi watu wakanuniana kwa ajili ya kitambaa kimoja kilichoonekana kuelekea hudhurungi. Zambarau ulikuwa uso. Na lile gauni la vikao, ndani ya picha, lilikuwa limegeuka kuwa hudhurungi ileile iliyokataliwa.



Aliyeisafisha picha ni mpwa wangu, mtoto wa kaka, ambaye tangu anunue printa ya wino wa chupa amefanya chumba cha uani hapa Magomeni kuwa ofisi. Fremu zimepangwa ukutani, wateja wa sendofu wanaingia na kutoka. Sina ugomvi na kijana anayejitafutia. Ugomvi wangu ni jibu alilonipa nilipomwonesha uso wa shangazi yake mkubwa. Alichukua simu, akaiweka kando ya karatasi, akasema: "Shangazi, mbona huku iko poa? Printa ndivyo zilivyo."

Kahawa ikanipalia. Nasema mapema ili Jumatatu mtu asinisumbue kwa ujumbe: printa sivyo zilivyo. Mtu anayetoza watu fedha kwa kusafisha picha, naye hajui profaili ya rangi ni kitu gani, anauza karatasi iliyolowa wino.

Mnataka kujua alivyoitengeneza? Alifungua programu akaanza kuvuta vitelezi. Nyekundu ipungue, njano ipande, chapa. Dada akawa kijani. Rudisha, vuta tena, chapa. Akawa wa kijivu, na macho mekundu juu. Karatasi ya kung'aa inakwenda, wino unakwenda, na kijana anatikisa kichwa akiisikitikia mashine. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe changu mkononi, akasema tatizo ni umeme mdogo. Kwa shemeji kila tatizo ni umeme.

Mwisho mpwa akapata ufumbuzi ambao mafundi wote wa mjini huupata. "Acha nimpandishe weupe kidogo, Shangazi. Akishakuwa mweupe hakuna atakayeona zambarau." Na kabla sijamzuia karatasi ilishatoka.

Rudieni kuisoma sentensi hiyo. Kijana ameshindwa kuchapa ngozi ya ukoo wake, ngozi ya maji ya kunde iliyo kwenye mkono wake mwenyewe anaposhika kipanya, basi ameamua kuifuta. Kitambaa cha sare kikikosea kidogo tu kinarudishwa dukani kwa makelele. Uso ukikosea, tunaambiwa tung'arishwe.

Weupe huu una historia, na inaudhi. Kwa miaka mingi Kodak walizipelekea maabara za picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imewekwa sawa. Wengine wote wajitafutie. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika jinsi kampuni ilivyokuja kushtuka si kwa malalamiko ya watu weusi, bali ya watangazaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia zilikuwa hazitofautiani kwenye picha. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya bibi yangu. Haya, hilo ni la kwao na la zama zao. Mpwa wangu hakutumwa na Kodak. Nendeni Unguja mkaangalie picha za Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930: nyeusi na nyeupe, hamna rangi hata moja, na bado kila mtu amebaki na ngozi yake.

Turudi uani. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, kikichanganya nyekundu, kijani na buluu. Karatasi haitoi kitu. Inangoja mwanga wa dirishani uipige, wino unyonye chake, jicho lipewe kilichobaki. Printa ya mpwa ina chupa sita: samawati, majenta, njano, nyeusi, kisha samawati na majenta nyingine zilizofifishwa. Na picha iliyo ndani ya faili ni namba tupu. Faili linasema "nyekundu 180". Nyekundu ya nani? Ya kioo chake, ya simu ya dada, au ya ile chupa? Kila kifaa kina nyekundu yake. Profaili ni faili dogo linaloeleza kwamba namba hizi, kwenye kifaa hiki, ni rangi fulani iliyopimwa kwa kipimo cha pamoja, kipimo ambacho msingi wake uliwekwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1931, kwa kupima jicho la binadamu. Programu inasoma profaili ya picha, inasoma na ya printa, inabadilisha namba za huku ziwe za kule. Hakuna uganga.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1993 kampuni kadhaa, wakiwamo Adobe, Apple, Agfa, Kodak na Microsoft, walianzisha chombo kiitwacho ICC ili profaili iliyotengenezwa kwenye mashine moja isomeke kwenye nyingine. 1993! Sisi wa Bara tulikuwa hatuna hata kituo kimoja cha televisheni. Wazanzibari walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, na hadi leo hawajamaliza kutukumbusha. Mpwa wangu amezaliwa baada ya ICC. Hana haki ya kujifanya mgeni.

Nikamwondoa kwenye kiti, nikakaa mimi. Mnaonisoma zamani mnajua nilianzia chumba cha kurasa, enzi za filamu na mabati, chini ya mafundi wa mtambo ambao mbele yao mimi ni mpole. Nilichokikuta kwenye dirisha la kuchapa kingewafanya wale wazee wavue miwani. Programu imeambiwa isimamie rangi. Printa nayo, kwa upande wake, imeachwa isimamie rangi. Wapishi wawili kwenye chungu kimoja, kila mmoja anatia chumvi akiamini mwenzake hajatia. Zambarau ya dada yangu ilipikwa hapo. Ukishaiachia programu kazi, ingia kwenye mipangilio ya printa uzime marekebisho yote ya rangi. Mpwa anasema hajawahi kufungua ukurasa huo. Printa anayo tangu mwaka jana.

Kisha nikauliza kuhusu faili lenyewe. Picha ilipigwa kwa iPhone, na simu hizo tangu ile ya 7, ya mwaka 2016, huhifadhi picha katika wigo wa rangi mpana kuliko sRGB, ule wa HP na Microsoft wa 1996 ambao kompyuta nyingi huudhania. Hakuna ubaya, mradi profaili ya picha isitupwe njiani. Photoshop ilimuuliza kwa adabu: faili hili lina profaili tofauti na yako, nifanyeje? Yeye akachagua itupwe, kwa kuwa "hayo maswali yanachelewesha, Shangazi". Uwekundu wa gauni ulibaki hapo.

Na karatasi! Trei imebeba karatasi ya kung'aa, mipangilio inasema karatasi ya kawaida. Chaguo hilo ndilo linaloiambia printa imwage wino kiasi gani, na profaili haielezi printa peke yake: inaeleza printa hiyo, kwa wino huo, juu ya karatasi hiyo. Watengenezaji wengi wa karatasi za picha huziweka profaili kwenye tovuti zao, bure, unatafuta jina la printa yako na jina la karatasi. Lakini pakiti ya mpwa, ya Kariakoo, haina jina. Ina maua na maandishi ya dhahabu. Utatafuta profaili ya maua? Kwenye droo ilikuwamo pakiti yenye jina, haijafunguliwa. Anaiweka kwa ajili ya wateja wa maana. Shangazi yake hamo.

Bahati yake wino ulikuwa bado ule wa mtengenezaji. Rafuni niliona chupa za bei nafuu zikingoja zamu yao, na siwezi kumlaumu, bei ya wino halisi tunaijua sote. Ila siku atakapozimimina, profaili ya mtengenezaji itakuwa inaeleza wino usiokuwamo. Hapo itabidi atengenezewe ya kwake: huchapwa vijiraba vya rangi, mamia, bila marekebisho yoyote, kila kijiraba kinapimwa kwa kipima rangi, na programu inaandika faili. Kipima rangi si lazima kila mtu anunue. Wasafisha picha wa mtaa mzima wanaweza kuchangiana kimoja. Mtaa huu unachangia sare kila mwezi, ushindwe na hiki?

Kilichonichekesha, kwa hasira, ni kioo chake. Chumba kina giza, mwanga wa laptopu umepandishwa hadi mwisho. Wanaoijua kazi hii hushusha kioo hadi kandela 80 mpaka 120 kwa mita ya mraba. Laptopu nyingi zikiachiwa hupita mara mbili ya hapo. Ndiyo maana kila karatasi ikitoka anaiona nyeusi, na kila akiiona nyeusi anapandisha weupe. Nusu ya maharusi wa mji huu wameng'arishwa na kitufe cha mwanga cha laptopu ya mtu. Halafu karatasi anaikagua chini ya taa ya bei rahisi inayoibadilisha rangi kila ukiinamisha mkono. Watu wa viwanda vya uchapaji hukagua chini ya mwanga wa kelvini 5000. Sisi tuna dirisha.

Nilishusha mwanga. Nikafungua pakiti ya wateja wa maana, mpwa akifumba macho. Nikapakua profaili ya karatasi ile, nikairejesha picha na profaili yake, nikaitazama kwanza kwa ule mwonekano wa majaribio unaokuonesha kwenye kioo jinsi karatasi itakavyokuwa kabla wino haujamwagika. Programu huuliza swali moja zaidi: rangi ambazo wino hauzifikii zifanyweje? Maana zipo, kuna kijani cha vitenge ambacho hakuna printa ya nyumbani itakayokifikia, mtu asikudanganye. Ama picha nzima ibanwe kidogo ili rangi zote ziendelee kupatana, ama zinazofikika ziachwe zilivyo na zilizozidi zisogezwe hadi ya jirani. Palipo na uso mimi huchagua la pili, na yule fundi wa zamani anayeniandikia kila mara kwamba la kwanza ni bora, aniandikie tena.

Ikatoka. Uso wa maji ya kunde, kivuli cha mtandio shingoni kina rangi yake, gauni ni damu ya mzee ya kikao cha mwisho. Mpwa kimya. Shemeji akasema mnaona sasa, umeme umetulia.

Alhamisi dada akaja kuichukua. Akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Mbona nimekuwa mweusi hivi?"

Nikamwambia hiyo ndiyo rangi yake, na yangu ndiyo hiyo, baba yetu alikuwa mmoja. Akaniambia mambo ya gazetini niyaache gazetini. Akamgeukia mpwa, kwa sauti ya upole ambayo mimi sijasikia ikielekezwa kwangu tangu utoto, akauliza kama bado anayo ile nyingine, "ile uliyonisafisha vizuri". Alikuwa nayo. Aliitoa chini ya meza, ikiwa tayari kwenye fremu.

Ofisi ya uani sasa ina bei mbili. Picha ya rangi yako mwenyewe ni shilingi elfu tano, ya kung'arishwa elfu nane. Ya elfu tano haijapata mteja. Shemeji ameagiza mbili za elfu nane.