Majengo ya kale yafunguliwe migahawa, yasibomolewe

MFANYABIASHARA anayesubiri mzigo wake Port Bell huhitaji mahali pa kukaa, kula na kupatana bei. Hilo si jambo jipya. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikufika Kampala hadi mwaka 1931. Katika miaka hiyo, watu na bidhaa walivuka ziwa kwa meli, na Port Bell, iliyopewa jina la Gavana Hesketh Bell, ilikuwa mojawapo ya milango mikuu ya Kampala.

Biashara hiyo ndiyo iliyojenga katikati ya jiji: maduka ya ghorofa yenye baraza mbele, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Leo majengo hayo yanapungua, na mahali pake panaota maghorofa ya vibanda vya maduka.

Sisi tunasema yaliyobaki yatumike, na matumizi yanayofaa zaidi ni mgahawa na baa. Jengo lenye wateja hupata kodi, na kodi ndiyo inayoziba paa. Zanzibar, jengo la Africa House lililokuwa klabu ya Waingereza tangu mwaka 1888 limedumu likiwa hoteli inayolisha wageni. Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020 likiwa katika ukarabati, baada ya kufungwa kwa miaka mingi.

Tunawafikiria pia waliorejea. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudishiwa mali zao. Aliyerudishiwa nyumba iliyochakaa, kisha akajiwa na mtu mwenye fedha taslimu anayetaka kiwanja tu, hatumlaumu akiuza. Kumbukumbu hazinunui mabati.

Ndiyo maana Serikali haiwezi kukaa pembeni. Sheria ya Makumbusho na Mambo ya Kale ya mwaka 2023 inatoa nguvu ya kulinda majengo, lakini ulinzi usio na fedha ni karatasi tu. Mamlaka ya Jiji la Kampala impunguzie kodi ya jengo, kwa miaka kadhaa, kila mwenye nyumba anayekarabati bila kubomoa. Shirika la Reli nalo likodishe majengo yake ya zamani yasiyo na kazi, kuanzia bandarini hadi mjini.

Tuna masharti mawili. Kwanza, mama ntilie wanaowalisha wachukuzi na wafanyabiashara wasifukuzwe kwa kisingizio cha usafi. Wapewe nafasi humo humo. Pili, meza za chakula zitengwe na baa. Bia ya Bell ilipata jina lake kwenye bandari hii na hutengenezwa jirani, Luzira, lakini wasafiri wengi wa ziwa hili hawanywi pombe, nao wana haki ya kula kwa utulivu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jengo la kale, hata ukiujenga huo ukuta, hautakuwa ule. Wahusika wachukue hatua sasa, wakati bado kuna kuta za kuziba.