Kompyuta Kongwe Zisiishie Kwenye Chuma Chakavu

Mwaka 1997 wapenzi wa kompyuta kongwe huko California, Marekani, walianzisha tamasha lao. Mwenye mashine huiweka mezani, akaiwasha, akawaeleza wageni namna inavyofanya kazi. Twaona wakati umewadia kwa wapenzi wa mitambo wa nchi yetu, Visiwani na Bara, kuandaa maonyesho ya namna hiyo.

Hatusemi hivi kwa kuwaiga wageni. Historia tunayo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mitambo iliyokuwapo kula fedha nyingi pasipo kuleta manufaa yaliyotarajiwa. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, na ulikuwa na gharama zake. Maonyesho yatakayoficha moja kati ya hayo mawili yatakuwa nusu ya kweli, na vijana wetu hawastahili nusu.

Lakini maandalizi hayaanzi na meza wala mapambo, yaanza stoo. Aghalabu mashine ya ofisi ikichakaa hutupwa uani ikanyeshewa, kisha hupigwa mnada kwa bei ya chuma, na vitabu vyake vya maelekezo huchomwa. Waingereza walikwisha kujutia jambo hili. Mitambo ya Colossus, iliyosaidia kufumbua siri za Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, karibu yote ilivunjwa na michoro yake ikatiwa moto. Tony Sale na wenziwe walipoazimia kuujenga upya mmoja, walianza 1993 na kumaliza 2007, wakitegemea picha chache na kumbukumbu za wazee.

Wazee wetu waliotoboa kadi za kompyuta bado wamo miongoni mwetu, ila umri haumngoji mtu. Kwa hiyo twawaomba wahusika mambo matatu. Kabla ya mnada, kila ofisi ibakize mashine moja ya kila aina pamoja na vitabu vyake. Wazee wasikilizwe, na maelezo yao yaandikwe. Na fundi aikague kwanza mashine iliyolala miaka mingi, kwani ikiwashwa kwa pupa yaweza kuungua mbele ya wageni.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine hizi zilinunuliwa kwa jasho la wananchi. Ni amana, na amana hairudishwi kwa mizani ya chuma chakavu.