Ndege Zizungukie Upande Gani?



Mwandishi wa barua hii ni rubani wa ndege ndogo, na anaiandika kabla hasira haijampoa. Jumanne iliyopita, mwendo wa saa nne asubuhi, aliruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akiwa na abiria watatu, akielekea kiwanja kimoja kidogo kati ya Embu na Meru. Alipovuka Mto Tana, Mlima Kenya ulikuwa umeshajifunika, na wingu lilikuwa likishuka kuelekea mashamba ya majani chai.

Kiwanja hicho hakina mnara wa kuongozea ndege. Viwanja vingi vidogo nchini viko hivyo, na marubani hutangaziana wenyewe redioni: niko wapi, futi ngapi, natua kutoka upande gani. Utaratibu huo unafaa sana, mradi wote wafuate maelezo yale yale.

Rubani huyu alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilimtaka apite juu ya kiwanja, atazame upepo, kisha azunguke kwa mkono wa kushoto, kama kanuni ya kimataifa inavyotaka pale ambapo hakuna agizo jingine. Ya pili, aliyopewa mwaka jana, ilimtaka azunguke kwa mkono wa kulia ili akae mbali na mlima. Haikutaja ni futi ngapi, wala haikusema kama ile ya kwanza imefutwa.

Akafuata ya kwanza. Alitangaza mara mbili, akasikia mkwaruzo tu, na mwisho wake neno moja: "kulia". Alipoinamisha bawa ili ageukie njia ya kutua, tumbo jeupe la ndege nyingine lilimjia usoni, karibu kiasi cha kuona udongo mwekundu uliokauka kwenye magurudumu. Alisukuma usukani, akapita chini yake. Mama mmoja mzee aliyekuwa nyuma, kikapu cha ndizi mapajani, hakutoa sauti hadi ndege iliposimama. Ndipo akauliza, "Mwanangu, huwa mnatua hivi siku zote?"

Rubani hakuwa na jibu la kumpa. Yule mwenzake wa ndege ya pili hakuwa amekosea chochote. Alikuwa akifuata karatasi ya pili.

Aliripoti siku hiyo hiyo. Afisa wa kwanza alisema kiwanja ni cha kaunti. Wa kaunti akasema mambo ya anga ni ya Nairobi. Wa Nairobi alimwambia alete barua, na alipoipeleka akaelezwa kwamba mhusika yuko kwenye semina hadi wiki ijayo.

Je, wiki ijayo ni lini kwa watu walio angani leo? Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, karibu kabisa na Wilson, ambako mnara upo na waongozaji wapo. Mwalimu na mwanafunzi wake waliokuwa kwenye ndege ndogo ya mafunzo walifariki. Ile kubwa, iliyobeba watu 44, ilirudi na kutua salama. Ikiwa hayo yanatokea penye mnara, pasipo na mnara pana nini cha kuwalinda watu zaidi ya maelezo yanayoeleweka?

Na mlima huu, wenye mita 5,199, haumpi mtu nafasi ya kubahatisha. Julai 2003 ndege ya kukodi iliyokuwa ikielekea Samburu iliugonga karibu na kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Juni 2018 nyingine iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare, ikaua 10.

Viongozi wetu wana sababu ya kulijali jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyokuwa ikienda kutua Marsabit katika hali mbaya ya hewa iliua watu 14, akiwamo Bonaya Godana na wabunge wenzake, waliokuwa katika safari ya kutafuta amani. Hata hivyo, kampeni zikianza, helikopta zao hutua kwenye viwanja vya shule bila kumtangazia mtu, watoto wakikimbilia vumbi.

Hata barabarani ni yale yale: hatari inajulikana, lakini hakuna anayeishughulikia mapema. Kila atokaye Meru kwenda Nairobi kwa kupitia Chuka analijua daraja la Nithi, ule mteremko na kona yake. Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni hapo na kuua watu zaidi ya 30. Daraja lilikuwa limeua kabla ya hapo, na ahadi zilikuwa zimetolewa kabla ya hapo.

Rubani haombi mnara wala rada. Anaomba ukurasa mmoja kwa kila kiwanja: mzunguko ni wa upande gani, kwa futi ngapi, kwa masafa gani ya redio, na tarehe ambayo karatasi ya zamani iliacha kutumika. Ukurasa huo upelekwe kwa kila kampuni ya ndege na kila shule ya urubani. Ni kazi ya asubuhi moja.

Alhamisi anarudi kiwanja kile kile na abiria wanne. Karatasi zake bado ni mbili.

Rubani,
Embu