Kilichofutwa Hakikuwa Serotonini

Ndugu mwandishi ninayemjibu anatuambia kwamba dawa ya kulevya ecstasy (MDMA) imesingiziwa: utafiti wa George Ricaurte wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2002, ulifutwa mwaka 2003, basi hofu imekwisha. Nusu ya kwanza ni kweli. Chupa za dawa zilikuwa na lebo zisizo zake, na karibu tumbili na nyani wote wa utafiti ule wakadungwa methamfetamini badala ya MDMA. Aibu tupu, hakuna anayebisha.

Lakini utafiti ule uliofutwa ulihusu dopamini! Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ina ushahidi wake, na huo haukufutwa. Mwaka 1999 maabara hiyohiyo ilieleza habari za tumbili waliopewa MDMA kwa siku nne tu. Miaka saba baadaye, nyuzi za serotonini katika gamba la ubongo wao bado zilikuwa pungufu. Na kama huiamini maabara ile, wapo wengine walioona serotonini ikishuka kwa panya.

Mwandishi angesema dozi za tumbili zilikuwa kubwa, tena za sindano, ningemsikiliza. Hoja hiyo ina uzito, na ajabu ni kwamba hakuigusa. Kwa binadamu, picha za ubongo za watumiaji sugu zimeonyesha upungufu wa protini zinazorudisha serotonini ndani ya seli. Upungufu huo huelekea kupungua mtu akiacha kwa muda mrefu. Nafuu hiyo ni ya walioacha. Anayemeza kidonge kila wikendi haimhusu.