Bastola ndogo au rivolva? Tuanze na neno "tupu"

Jumapili moja jioni alinijia mwalimu mwenzangu, ambaye ni jirani yangu katika nyumba za chuo, akitaka shauri. Miezi michache kabla ya hapo nyumba yake ilikuwa imevunjwa usiku, yeye na mkewe wakafungwa kamba mbele ya watoto wao, na tangu siku hiyo usingizi ulimhama. Aliomba leseni ya kumiliki silaha, akapigwa msasa na wahusika, akapewa. Sasa alikuwa na bastola ndogo kiunoni na shaka kubwa moyoni. Muuzaji alikuwa ameisifu mno hiyo ndogo. Shemeji yake naye alimwambia kuwa amekosea, angenunua rivolva. Hakunijia mimi kwa ujuzi wangu, maana sina. Alijua kuwa nina mgeni, mjomba wangu aliyestaafu kutoka kikosi cha polisi.

Jirani aliitoa bastola, akachomoa magazini, akaiweka mezani kando ya birika la chai. "Msiwe na hofu," akasema, "sasa ni tupu." Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaomba aishike kidogo tu. Jirani, kwa ukarimu wa mtu aliyekuja kwa watu, akaisukuma upande wake. Mjomba aliinyakua kabla mkono wa mtoto haujaifikia, akauelekeza mtutu pembeni, kisha akalivuta nyuma lile bamba la juu. Risasi moja ikaruka, ikagonga sahani, ikabiringika hadi kwenye kibakuli cha sukari.

"Mwalimu," mjomba akasema polepole, "hii unayoiita tupu ingemuua mtoto huyu."

Niruhusu, ndugu msomaji, nieleze kilichotokea, kwa kuwa ndiyo tofauti kubwa kati ya silaha hizi mbili, na aghalabu wauzaji huipita haraka. Katika bastola ya magazini, risasi hukaa ndani ya mpini. Ukilivuta bamba la juu na kuliachia, risasi ya kwanza hupanda na kuingia katika chemba, yaani tundu lililo nyuma ya mtutu. Ukichomoa magazini baada ya hapo, umeondoa risasi zote isipokuwa hiyo moja. Ziko bastola zilizoundwa zisiweze kufyatuka magazini ikiwa nje, lakini nyingi hazina kinga hiyo. Hadi ulivute bamba na kutazama chembani, huna njia ya yakini ya kujua. Rivolva haina fumbo hilo. Risasi zake, tano au sita, hukaa katika silinda inayozunguka. Ukiifungua, unaziona zote kwa mpigo mmoja. Hakuna ya kujificha.

Mimi ni mwanaisimu, na lililonikosesha usingizi usiku ule ni lile neno la jirani. Wanafunzi wangu wanalifahamu jina la Benjamin Lee Whorf, Mmarekani ambaye hakuajiriwa kamwe kama mhadhiri wa kudumu wa isimu. Tangu 1919 hadi kufa kwake 1941 alifanya kazi katika kampuni ya bima ya moto mjini Hartford. Kazi yake ilimtaka achunguze jinsi moto unavyozuka, naye aligundua jambo la ajabu. Penye mapipa yaliyojaa petroli watu walikuwa waangalifu. Penye mapipa yaliyoitwa "matupu" walivuta sigara na kutupa vishungi ovyo, ilhali pipa lisilo na petroli hubaki na mvuke, na mvuke huo huweza kulipuka kuliko petroli yenyewe. Nadharia kubwa ya Whorf kuhusu lugha na fikra imepingwa na wengi, nami huwaeleza wanafunzi kwamba aliivuta mbali kupita kiasi. Ila mfano wa mapipa sijaona aliyeung'oa. Neno "tupu" humwambia msikilizaji kuwa hakuna tena la kuogopa.

Na katika Kiswahili neno hili lina hila zaidi. Chumba kitupu hakina kitu; uongo mtupu umejaa uongo pomoni. Tupu ni kutokuwa na kitu, na tupu ni kutokuwa na kingine ila hicho tu. Ningekuwa na uwezo, ningepiga marufuku matumizi yake kwa silaha yoyote. Aliyeifungua na kutazama aseme, "Nimetazama, haina risasi." Sentensi hiyo ina mtenda na ina tendo.

Mtenda, kwa kweli, ni suala lenyewe. Tazama jinsi ajali hizi zinavyosimuliwa, hata katika magazeti yetu: "bastola ilifyatuka." Walimu wa sarufi mnaijua tofauti ya fyatua na fyatuka. Fyatua hudai mtenda, fyatuka humficha. Ni sawa na mtoto aliyeangusha kikombe jikoni, naye akija huja na habari kuwa "kimevunjika, mama." Zipo silaha mbovu, na zipo rivolva kuukuu ambazo zikianguka na kupiga nyundo chini huweza kulipuka. Lakini mara nyingi mno kilichofyatua ni kidole cha mtu aliyeamini kuwa chombo ni kitupu, na sarufi ikamsaidia kukificha.

Kwa kuwa nimeingia katika maneno, niseme na hili. Kiswahili huziita silaha zote mbili bastola, na hatuna neno letu la kuzitenganisha. "Rivolva" nimelikopa tu. Hata "bastola" lilitoka mbali. Wengi huamini kuwa asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya filimbi, lililozunguka Ulaya kabla ya kututelemkia. Basi tunaposoma katika habari za uhalifu kuwa mshukiwa alipatikana na "bastola aina ya Ceska," neno ambalo ni kivumishi tu, yaani "ya Kicheki," huwa tunalirudisha neno nyumbani bila kujua.

Turejee mezani. Mjomba hakuitukana bastola ndogo. Ni bapa, hukaa chini ya koti bila kuonekana, hubeba risasi sita, saba au zaidi, na magazini hubadilishwa kwa nukta chache. Ndiyo maana polisi wa nchi nyingi waliiacha rivolva, ambayo Samuel Colt aliipatia hataza Marekani mwaka wa 1836. Polisi wa jiji la New York walianza kuruhusiwa bastola za magazini kwa jumla mwaka wa 1993. Hata hivyo polisi hufunzwa na kurudiwa. Bastola ndogo ina springi ngumu, na mkono wa mzee au wa aliyeumwa na baridi yabisi hushindwa kulivuta bamba. Ikishikwa kwa mkono legevu huweza kukwama, na kuikwamua kunataka mikono miwili na akili tulivu, vitu ambavyo mtu aliyeshtuliwa usingizini hana. Rivolva ikikataa risasi moja, unavuta tena na nyingine inakuja.

Rivolva nayo ina aibu zake. Ni nene kiunoni. Ile ndogo nyepesi hurusha mkono vibaya. Kuijaza upya ni kazi. Kifyatulio chake, nyundo ikiwa haijainuliwa, hutaka nguvu ya kama kilo tano, takriban mara mbili ya bastola nyingi za kisasa, hivyo shabaha huyumba. Mjomba aliusifu uzito huo: kidole hakiwezi kuuvuta kwa bahati mbaya tu. Hukumu yake ilikuwa fupi. Mtu wa chaki anayefanya mazoezi mara mbili kwa mwaka achukue rivolva. Nami, baada ya kuiona ile risasi katika sukari, nilikubaliana naye.

Lakini swali la jirani halikuwa limekwisha. Nilimwuliza angeiweka wapi. Akasema kwenye kabati la chuma, kama anavyotakiwa. Na funguo? Mfukoni. Na wale waliokuja usiku ule walichukua muda gani kati ya kuvunja mlango na kufika chumbani? Akanyamaza. Walikuwa wanne, na mlango ulianguka mara moja. Silaha iliyofungiwa haikufai katika nusu dakika. Isiyofungiwa imo nyumbani mchana na usiku pamoja na watoto, na kwa jambazi mwenyewe hiyo ndiyo mali anayoitamani kuliko runinga. Fundo hilo silinda hailifungui, wala magazini. Nchini mwetu, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kumiliki bunduki ni idhini, haiwi haki ya kuzaliwa nayo, na mnamo Desemba 2018 Serikali iliwaita wote wenye leseni wajitokeze kukaguliwa upya. Ukaguzi huo waweza kuhoji rekodi na akili ya mwombaji. Hauwezi kuketi sebuleni Jumapili jioni penye chai. Mimi nyumbani kwangu, muda mwanangu angali mdogo, sitaiweka moja wala nyingine. Fedha hizo nitazitia katika mlango, vyuma na taa. Jirani aliniambia kuwa mimi sijafungwa kamba. Alisema kweli, wala sikuwa na jibu.

Aliondoka akisema atairudisha bastola kwa muuzaji na kuomba wahusika wamwandikie rivolva. Hajafanya hivyo bado. Watoto wetu husoma darasa moja, na kila Jumamosi wangu huomba kwenda kwao kucheza. Mke wangu amekataa katakata, akaniachia mimi kazi ya kumweleza jirani sababu. Sasa yapata miezi miwili, na kila jirani akiuliza, mimi humwambia kuwa mtoto ana kazi nyingi ya shule.