Okidi za Ufipa zina soko jingine

Anayepita na basi kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga mwezi wa Septemba huuona uwanda wa juu wa Ufipa kama mahali patupu: nyasi zimeungua, ardhi imekuwa nyeusi, miti ni ya kuhesabu. Mvua zikishika, kati ya Novemba na Aprili, ardhi hiyohiyo hutoa gladiola za rangi ya machungwa, protea, na okidi za ardhini za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Hoja yangu ni kwamba maua haya yanaweza kuwalipa watu wa Rukwa yakiwa bado yamesimama, kwa njia ya matembezi ya kuyatazama na kuyapiga picha yanayoongozwa na wanavijiji wenyewe. Bila malipo ya namna hiyo, sioni katazo litakaloyaokoa.

Hatari yenyewe inajulikana kwa muda mrefu. Chini ya okidi hizi kuna viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimenywea na kuwa laini, kwa sababu ndicho kinacholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu na kimejaa, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutaka hicho kipya, na akishakitwaa mmea umekwisha. Hata mbegu hazitoi faraja ya haraka, maana ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota bila kukutana na kuvu maalumu udongoni. Kutoka hapo hadi ua la kwanza ni miaka. Viazi huvushwa hadi Zambia, ambako hupondwa, huchanganywa na karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa vikawa mkate mzito uitwao chikanda, chakula cha watu wa kaskazini ambacho leo kinauzwa hata Lusaka. Tim Davenport na Henry Ndangalasi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na jarida la Oryx, walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka. Okidi za Zambia zilikuwa zimepungua, ndipo wachuuzi wakageukia kwetu. Ufipa, inayopakana na nchi hiyo, haiwezi kujiona iko nje ya biashara hii.

Kiazi huuzwa mara moja, na bei anayoipata mchimbaji ndiyo ndogo kuliko zote katika mnyororo mzima. Ua lililoachwa mahali pake linaweza kutazamwa na kundi la leo, la kesho na la mwakani. Si ndoto za mezani. Kuna watu wanaosafiri hadi milima ya Kirigizistani na Kazakhstan wakati wa masika ili tu kuona tulipu za porini, wazazi wa zile zinazouzwa Uholanzi, na wanalipa waongozaji, malazi, chakula na usafiri kwa ajili ya kupiga magoti mbele ya ua lisilozidi shubiri. Wengine huenda Namaqualand, Afrika Kusini, mwezi wa Agosti na Septemba, jangwa likichanua. Ufipa ina cha kuwaonyesha watu wa aina hiyo. Gladiolus dalenii, iliyoenea katika nyasi za Afrika, ni mmoja wa wazazi wakuu wa gladiola kubwa za bustani zilizozalishwa Ulaya tangu karne ya 19. Mpenda maua anayevuka mabara kumwona bibi wa tulipu atavutiwa pia na bibi wa gladiola, mradi aambiwe yuko wapi na nani atampeleka.

Wapo watakaosema Sumbawanga ni mbali mno, na kwamba Kitulo tayari ipo. Kitulo inastahili sifa: ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Lakini hifadhi ya taifa huwatenga watu na ardhi, na Ufipa ni nchi ya wakulima, waliokwishajifunza zamani kufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, wakapanda maharage, halafu wakayasambaza matuta hayo kwa ajili ya ulezi. Ninachokitetea hapa ni kitu cha ngazi ya kijiji. Umbali ni kweli, ila barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ni ya lami, na maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya meta 200, yapo mkoa huohuo wa Rukwa. Mgeni anayeyafuata anaweza kushawishika kuongeza siku mbili za maua. Kikwazo kinachonisumbua zaidi ni mvua. Maua huja wakati njia za vijijini zimegeuka tope, kwa hiyo busara ni kuanzia karibu na lami, kwenye vilima vya Mbizi vilivyo juu ya mji, ambako mgeni hulala Sumbawanga na asubuhi akawa nyasini.

Pingamizi zito zaidi ni la mchimbaji mwenyewe. Mama anayechimba ndoo moja ili alipie daftari na sabuni hawezi kuambiwa asubiri watalii. Sheria tayari ipo: okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa CITES, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Ikitumiwa peke yake, humwangukia huyo mama wa ndoo kabla ya kumfikia mwenye lori. Ndiyo maana nasema wachimbaji wawe wa kwanza kuajiriwa kuongoza wageni. Wanajua ua lipi hutoka lini, bonde gani hubaki na unyevu, jani lipi ni la kiazi kilichokomaa. Ni elimu ambayo mwongozaji wa kuletwa kutoka Arusha angehitaji miaka kuipata. Matembezi hayatawaajiri wote, wala hayatalipa kila mwezi. Hata hivyo, kaya kumi zenye sababu ya kulinda mteremko mmoja zitamwona mgeni mwenye jembe mapema kuliko askari yeyote.

Wageni nao wanaweza kuharibu. Mpiga picha huwa na tabia ya kung'oa nyasi zinazomzibia ua, na akiondoka ameliacha wazi kwa jua na kwa ng'ombe. Akilala kifudifudi apate pembe nzuri, huenda amelalia machipukizi matatu ambayo hayajafungua. Simu yake huweza kuweka mahali pa picha ndani ya picha yenyewe, na picha hiyo ikisambaa imekuwa ramani ya mchuuzi. Haya yote yana dawa: makundi madogo, nyasi zisogezwe kwa kijiti bila kung'olewa, kutambua mahali kuzimwe kwenye simu kabla ya kuanza kupanda, na mwongozaji awe na mamlaka ya kusema hapana kwa mtu aliyemlipa.

Kinachohitajika kwanza ni kubadili jinsi tunavyozitazama nyasi. Msitu una mwenyewe na kibao chake. Nyasi zikionekana tupu, mawazo yetu hukimbilia kupanda misonobari, na kivuli chake huziua okidi kama jembe linavyoziua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavipa vijiji usimamizi wa ardhi yao, na kupitia mpango wa matumizi ya ardhi pamoja na sheria ndogo, kijiji kinaweza kutenga mteremko wenye mawe, kikazuia kuchimba na kupanda miti humo, kikaweka ada ya mgeni na kuamua nani alipwe nini. Halmashauri zinaweza kusaidia kuandika sheria hizo kabla ya Novemba, na chuo chenye wataalamu wa mimea kikatuma mtu mmoja kukaa na waongozaji msimu mzima, wakiorodhesha pamoja maua ya mteremko huo kwa majina ya Kifipa na ya kisayansi.